Mkanda Gani wa Kufungia Kayaki Juu ya Gari?

Kayaki yangu ya kwanza ina mbonyeo kwenye tumbo, upande wa kulia karibu na kiti, wenye upana wa viganja viwili. Haikugonga mwamba wala haikuanguka. Niliibonyeza mwenyewe kwa mkanda, ikiwa juu ya gari.

Nilikuwa na safari ya saa nne na hofu yangu kubwa ilikuwa isije ikadondoka barabarani. Nikanunua mikanda ya racheti, ile inayokazwa kwa wenzo kama ya kwenye malori, iliyoandikwa kwamba inahimili zaidi ya tani moja. Nikakaza mpaka wenzo ukagoma. Jua lilikuwa kali, plastiki ikapata joto ikalainika, na tulipofika tumbo lilikuwa limeingia ndani. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mkanda nao ulikuwa umelegea. Plastiki ilipozidi kubonyea, utepe ulikosa cha kushika. Nilikuwa nimeharibu kayaki na bado haikuwa imefungwa.

Tangu hapo nimefunga kayaki mara nyingi, zangu na za marafiki, na kila anayeniuliza namwambia jambo lilelile: usinunue mkanda kwa kutazama namba ya tani. Kayaki nyingi za plastiki za mtu mmoja zina uzito wa kilo 20 hadi 35. Mkanda wowote ulioshonwa vizuri unaumudu uzito huo. Tunachopambana nacho ni upepo. Ukitoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nguvu ya upepo haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne. Upepo huo huinua omo, yaani ncha ya mbele ya kayaki, na lori likikupita husukuma ubavu. Unachohitaji ni mkanda unaokumbatia kayaki bila kuiumiza na usiolegea njiani.

Kwa hiyo mimi natumia mikanda yenye bizimu ya meno, isiyo na wenzo. Unapitisha utepe kwenye bizimu, unavuta ncha kwa mkono, meno yanauma. Basi. Nguvu yote ni ya mkono wako, na mkono una akili: unahisi pale plastiki inapoanza kukubali, ukaacha. Racheti haina hisia hiyo. Huzidisha nguvu yako mara nyingi, na kwa kayaki ya faibaglasi au kaboni hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu yenyewe haibonyei, inapasuka. Tena mchanga ukiingia kwenye meno ya racheti hugoma kufunguka, nawe umesimama ufukweni na giza linaingia.

Bizimu ya meno ina sharti moja: utepe una upande mmoja tu sahihi wa kuingilia. Ukiukosea, mkanda utaonekana umekaza, kisha utateleza polepole. Jaribu nyumbani kabla ya safari. Ncha huru ukiivuta, utepe upite. Upande unaozunguka kayaki ukiuvuta kwa nguvu zako zote, usisogee hata kidogo. Kagua pia kama bizimu ina kipande cha mpira chini yake. Bila hicho, chuma kile kitapiga rangi ya gari au kukwaruza kayaki siku utakapokirusha upande wa pili. Mimi hushika bizimu mkononi na kurusha ile ncha nyingine.

Utepe wenyewe umetengenezwa kwa nini? Hapa ndipo wengi hawaangalii, na mimi pia sikuangalia mpaka mvua iliponifundisha. Nilikuwa na mikanda ya nailoni, mizuri, laini, imara. Baada ya kama nusu saa ya mvua nikasikia kayaki inagonga juu ya kichwa changu. Nikaegesha pembeni, nikashika omo, ikacheza huku na huku. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hurefuka. Poliesta hairefuki hivyo, na jua pia inalivumilia vizuri zaidi. Polipropilini ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini jua huila upesi. Soma lebo, na kama haisemi utepe ni wa nini, achana nao. Mimi sasa ni poliesta tu, yenye upana wa milimita 25.

Kamba za mpira zenye ndoano zisihesabiwe kabisa. Kazi ya mpira ni kurefuka, na kayaki ikipata nafasi ya kuinuka kidogo, upepo unaingia chini yake na kuinua zaidi. Tafadhali sana, usimfungie mtu kayaki kwa mpira, hata kwa safari fupi. Nyuma yako kuna mwenye pikipiki.

Urefu watu huukadiria kwa macho na kukosea. Mkanda hupita juu ya kayaki, unazunguka chini ya chuma cha keria, unarudi tena juu, unazunguka chuma upande wa pili na kukutana na bizimu. Yaani unaipanda kayaki mara mbili. Chukua yenye upana wa sentimita 75 na kimo cha 35: kila mpando ni sentimita 145, miwili ni 290, ongeza mizunguko ya kwenye chuma na ncha ya kushika, unafika mita tatu na nusu. Mkanda wa mita 3.6 utatosha kwa shida. Kwa kayaki pana za kukalia juu, nunua wa mita 4.5 bila kusita. Utepe unaobaki unafungwa tu. Uliopungua hauna dawa.

Pale unapouzungushia mkanda, hakikisha ni kwenye vyuma vya keria vilivyokingama, upande wa ndani wa nguzo zake, ili usipate njia ya kutelezea nje. Mkanda mmoja mbele, mmoja nyuma. Kabla ya kupima chochote cha haya, fungua kitabu cha gari na uangalie paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, ukikumbuka kwamba keria nayo inahesabiwa humo. Kama huna keria na unatumia vipande vya sponji, mkanda utapita ndani kupitia milangoni. Inafanya kazi kwa safari fupi ya mwendo wa taratibu, ila mvua ikinyesha maji hufuata utepe na kudondoka kwenye viti.

Mikanda miwili ya katikati haitoshi kwa barabara kuu, na hapa sibishani na mtu. Kayaki ndefu ni kama wenzo: upepo ukisukuma omo, vile vyuma vya keria ndivyo vinavyokamuliwa. Funga kamba omoni na nyingine tezini, yaani ncha ya nyuma, zishuke hadi kwenye pete ya kuvutia gari au kwenye vitanzi vya utepe vinavyofungwa kwa boliti chini ya boneti. Bampa la plastiki halifai. Kamba hizi zisivutwe kama uzi wa gitaa. Ziondoe tu ulegevu, maana ukizikaza sana utaipinda kayaki. Mimi hupenda ile ya omo kwa sababu nyingine pia: naiona kupitia kioo nikiendesha, na ikianza kucheza najua kuna jambo.

Ule mngurumo unaotetemesha paa mwendo ukizidi ni utepe bapa unaopigwa na upepo. Usokote mara moja au mbili pale usipogusa kayaki, utanyamaza. Ncha zinazobaki nazo zifungwe fundo kwenye mkanda wenyewe. Ncha inayopeperuka inaweza kufika kwenye gurudumu.

Ukimaliza, shika kayaki na uitikise kwa nguvu. Gari zima litikisike pamoja nayo. Kama kayaki inacheza peke yake, rudia. Kisha simama tena baada ya dakika kumi na tano za safari, kwa sababu mikanda hukaa sawa baada ya mtikisiko wa mwanzo na mara nyingi inataka kuvutwa kidogo.

Nikirudi kutoka majini huiosha mikanda kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naikausha kivulini, na napitisha kidole kwenye ukingo wote wa utepe. Wiki iliyopita kidole kilikwama: nyuzi tatu nne zilikuwa zimekatika, pale pale mkanda unapozunguka chuma cha keria. Kwa macho usingeona kitu. Niliukata vipande viwili kabla ya kuutupa, ili asije mtu akauokota akafungia mzigo wake.