Sarafu za fedha na pete nilizookota paki kwa ditekta, ni halali yangu?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Naishi Columbus, Ohio, wikiendi huwa natembea na ditekta, ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini, kwenye mapaki (bustani za umma) natafuta sarafu za zamani. Nimeshapata dime na kota (sarafu za Marekani za senti 10 na senti 25) kadhaa za madini ya fedha, na pete moja ya ndoa ya dhahabu, ndani imechorwa herufi mbili na tarehe. Ndugu mmoja msikitini kaniambia hizo zote ni rikazi, nitoe khumsi, yaani sehemu moja ya tano, zinazobaki ni zangu. Ni sawa?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Huyo ndugu kakusudia kheri ila kachanganya mambo. Rikazi ni hazina iliyofukiwa na watu wa kabla ya Uislamu, hiyo ndio Mtume swalallahu alayhi wasallam kasema ina khumsi. Dime ya 1943 iliyomdondoka mtu mfukoni akicheza na wanawe sio hazina, hiyo ni luqata, yaani kitu kilichookotwa, na luqata ina hukumu yake.

Lakini kabla ya yote uliza kwanza kama hapo unaruhusiwa kuchimba. Mapaki ya taifa Marekani ditekta ni marufuku kabisa, na mapaki ya miji kila mji na sheria yake, kwengine lazima uchukue kibali. Uliingia nchi ya watu kwa makubaliano, na Waislamu wanashikamana na masharti yao, kwa hiyo usiseme ardhi ni ya Allah ukachimbua nyasi za watu ukaacha mashimo.

Sasa sarafu. Dime na kota za 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90, itazame ubavuni, ikiwa nyeupe yote ni fedha, ukiona mstari mwekundu wa shaba basi hizo ni za 1965 kuja huku, thamani yake ni ile ile iliyoandikwa. Sarafu moja moja ya miaka hiyo haina alama ya mwenyewe, na aliyeipoteza keshakata tamaa zamani, wanazuoni wamelegeza kwenye kitu kidogo namna hii, chukua inshallah hakuna tatizo. Ila ukikuta nyingi pamoja kwenye kopo au mfuko hapo simama, kuna mtu kaziweka na huenda warithi wake wapo.

Pete ndio inayonitia wasiwasi mimi. Ina herufi, ina tarehe, mwenyewe anajulikana akitafutwa! Mtume alipoulizwa kuhusu luqata alisema jua chombo chake na kamba yake kisha itangaze mwaka mzima. Basi toa taarifa ofisi ya paki, bandika tangazo, weka mtandaoni, lakini zile herufi na tarehe usizitaje, anayedai ni yake ndio azitaje yeye. Mwaka ukiisha hajatokea unaweza kuitumia, na akija hata baada ya hapo unamrudishia au unamlipa thamani yake.

Zaka ya fedha inaanza gramu 595. Dime moja ina kama gramu 2.25 za fedha safi, kwa hiyo mpaka ufike dime 265 hivi na zikae mwaka ndio utoe asilimia 2.5, ukiwa na pesa nyingine zijumlishe humo. Na ukiziuza iwe mkono kwa mkono, usimpe mtu fedha leo akulipe wiki ijayo, hapo riba inaingia.

Wallahu aalam.