Barua kwa Mwanangu: Yule Aliyeificha Hazina Shambani

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata, nami nimelifurahia, maana wengi huupita mstari huo bila kushtuka. Unasema mtu wa mfano wa Yesu katika Mathayo 13:44 aliona hazina katika shamba la mwenzake, akanyamaza, akaificha tena, kisha akaenda kulinunua shamba. Unauliza: huo si udanganyifu? Na ufalme wa mbinguni unafananaje na mjanja kama huyo?

Mimi simtetei. Yesu mwenyewe hakusema kama alitenda vyema au vibaya. Wala si huyu peke yake. Katika Luka 16 yumo wakili dhalimu, yaani msimamizi wa mali, anayewapunguzia watu madeni ya bwana wake ili apate pa kukimbilia atakapofukuzwa. Katika Luka 18 yumo kadhi asiyemcha Mungu, anayempa mjane haki yake kwa kuwa tu amechoka kusumbuliwa. Tena kwenye Mathayo 24 Yesu anafananisha kuja kwake na mwizi wa usiku! Hapo hakuna anayedhani Mwana wa Adamu ni mwizi. Kila mtu anaelewa kwamba kinacholinganishwa ni kuja bila taarifa. Mtu wa shambani naye tumsome vivyo hivyo.

Sasa shuka mstari mmoja. Kwenye 44 ufalme umefanana na hazina, yaani kitu kinachopatikana. Kwenye 45 umefanana na mfanyabiashara atafutaye lulu, yaani mtafutaji. Ukitaka kila kipande kiwe na maana yake ya siri, hapo utakwama, kwa sababu ufalme haufananishwi na mtu wala kitu kimoja. Unafananishwa na tukio zima. Mmoja hakuwa akitafuta chochote, mwingine kutafuta ndiyo kazi yake, na wote wawili wakauza vyote walivyokuwa navyo.

Maneno ninayoyapenda zaidi ni “kwa furaha yake”. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mstari huu yakinung'unikia gharama: acha hiki, jinyime kile. Lakini yule mtu halii anapouza mali yake. Anauza kwa haraka, kwa sababu ameona kitu ambacho mbele yake hivyo vingine vimepungua thamani. Anayeshika gharama akaiacha furaha ameusoma nusu mstari.

Najua utanijibu kwamba mfano wa mpanzi Yesu aliufafanua kipande kwa kipande: ndege, miamba, miiba. Kweli, na ule wa magugu pia. Hiyo miwili aliifafanua mwenyewe, tuipokee alivyoisema. Iliyobaki hatuna ruhusa ya kuibunia ufunguo, ingawa watu wamebuni sana. Mafuta ya taa za wanawali kumi wa Mathayo 25 yamepewa maana nyingi mno kuliko chupa zenyewe.

Uliandika pia, kwa hasira kidogo nadhani, kuhusu mwenye shamba la mizabibu wa Mathayo 20, aliyewalipa walioanza saa kumi na moja jioni dinari moja, ujira wa kutwa, sawa na walioanza alfajiri. Kabla hujamhukumu, rudi 19:27. Petro ndiye aliyeanzisha mazungumzo hayo: tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Mfano huo ni sehemu ya jibu lake. Wa alfajiri walipewa walichopatana, bila kupunjwa hata kidogo. Kilichowauma ni kuona mwenzao amepewa, na mwenye shamba anawauliza wazi kama wema wake ndio umewatia kijicho. Hatuambiwi walijibu nini. Wala Petro hatumsikii tena hapo.

Ukipata nafasi, isome sura ya 13 yote kwa mkupuo mmoja, kisha uniandikie kuhusu juya, ule wavu wa kuvulia, na samaki wake. Hilo nalo lina ugumu wake, na ningependa kusikia wewe unalionaje kabla sijasema langu.

Akupendaye,
Mama yako