Kabla hujasaini mkataba wa nyumba Texas kwa sababu ya namba ya shule

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wetu wa kwanza Texas nilipanga apatimenti ya vyumba viwili nje kidogo ya Houston, kodi inanikaba koo, napiga ovataimu mpaka Jumapili, na sababu ilikuwa moja tu, kwenye mtandao wa kutafuta nyumba shule ya pale jirani ilikuwa na kijiduara cha kijani kimeandikwa 9. Sikuuliza tisa ya nini wala tisa ya nani. Sisi tuliokulia Bongo enzi za orodha ya shule kumi bora tunajua shule ikiwa juu basi ni nzuri, imeisha hiyo, tunasahau kwamba nyingi za zile za juu zilikuwa zinachuja watoto mlangoni, kwa mtihani wa kujiunga na kwa ada. NECTA, baraza la mitihani, wenyewe waliacha kutangaza kumi bora mwaka 2023 lakini vichwani mwetu ile orodha bado ipo.

Binti yangu alikuwa anaingia darasa la tatu, katoka shule ya msingi ya serikali Kigoma, Kiingereza chake chote ni ile gudi moning ticha ya kuimba darasa zima. Shule ilikuwa safi, kapeti mpaka koridoni, walimu wapole, hakuna aliyemfanyia ubaya hata siku moja. Ila mwalimu wa kuwasaidia watoto wasiojua Kiingereza alikuwa mmoja na anazunguka shule mbili, kwa hiyo mtoto anapata nusu saa, siku nyingine hapati kabisa. Nikiuliza naambiwa anaendelea vizuri, ni mkimya tu. Mkimya? Huyu aliyekuwa anafukuzwa jikoni na bibi yake kwa maneno mengi?

Aliyenifungua macho ni jirani mmoja Mkongo, mama ambaye ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule nyingine. Akaniambia Papa Rehema, ile namba waachie wauza nyumba, fungua ripoti yenyewe. Jimbo linatoa kila mwaka ripoti ya kila shule, inaitwa TAPR, iko bure mtandaoni, andika tu hayo maneno na jina la shule utaipata. Ni jedwali refu la kuchosha macho, namba ndogo ndogo, ukifungua kwa simu utalia. Fungua kwa kompyuta, hata ya maktaba. Juu kuna safu: jimbo zima, distrikti (yaani wilaya ya shule), shule yenyewe, halafu watoto wanagawanywa, weusi, Walatino, wazungu, Waasia, wenye mahitaji maalum, wenye kipato cha chini, na mwisho kabisa kulia kuna safu ya watoto wanaojifunza Kiingereza.

Nikashuka na kidole mpaka darasa la tatu, kusoma, nikaenda kulia mpaka ile safu ya mwisho. Nikakuta nyota. Siyo namba, nyota. Nikadhani ni alama ya ubora! Yule mama akacheka sana. Nyota maana yake watoto wa kundi hilo ni wachache mno kiasi kwamba wakiandika matokeo utamjua mtoto ni nani, kwa hiyo wanaficha. Yaani kwenye ile tisa yangu mwanangu hakuwemo. Ile tisa ilikuwa ya watoto wengine kabisa, ambao wazazi wao wana digrii mbili na wanalipa mwalimu wa hesabu jioni.

Sasa hapa ndipo penye nyama. Texas ina wanafunzi kama milioni 5.5. Zaidi ya nusu ni Walatino, kama 6 kati ya 10 wanahesabiwa wa kipato cha chini, na karibu mmoja kati ya wanne anajifunza Kiingereza. Lakini hawajatawanyika sawasawa, na pesa pia hazijatawanyika sawasawa, maana shule zinategemea sana kodi ya majengo na ardhi inayokusanywa hapo hapo. Kesi ya San Antonio iliamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi mwaka 1973, wazazi wa Edgewood, masikini, wanalinganisha na Alamo Heights, matajiri, mji mmoja huo huo. Walishindwa kura 5 kwa 4. Miaka 20 baadaye jimbo likaanzisha utaratibu wa kuzichukulia distrikti tajiri sehemu ya kodi zao, watu wanauita Robin Hood, lakini nenda leo Edgewood halafu pita Alamo Heights, hutahitaji mtu akueleze. Kwa hiyo ukipanga shule za jimbo zima kwa alama za mtihani peke yake, kwa kiasi kikubwa umepanga mishahara ya wazazi.

Siyo kwamba shule ya watoto masikini haiwezi. Brownsville kule mpakani na Mexico, karibu watoto wote Walatino, wengi wa kipato cha chini, walichukua tuzo ya Broad mwaka 2008, ambayo ilikuwa ya distrikti za mijini nchi nzima zilizoinua ufaulu wa watoto. Ndiyo maana nasema usiangalie juu tu.

Jimbo nalo linatoa gredi A mpaka F kwa kila shule, ingia TXschools.gov. Gredi ya shule ya msingi inapikwa na mtihani wa jimbo unaoitwa STAAR, unaoanza darasa la tatu. Kuna vyungu vitatu: ufaulu, maendeleo, na jinsi shule inavyoziba pengo kati ya makundi ya watoto. Kati ya ufaulu na maendeleo wanachukua kilicho bora, hicho kinabeba asilimia 70, pengo linabeba 30. Ina maana shule mbili zote zina B, moja imeipata kwa sababu watoto walikuja wakijua tayari, nyingine kwa sababu imewasukuma. Bonyeza kwenye maendeleo, ndani kuna kipande kinacholinganisha shule na nyingine zenye kiwango cha umasikini kama chake. Mimi naanzia hapo siku hizi, gredi kubwa naiangalia mwisho.

Na safu ya watoto weusi isikudanganye. Humo wamewekwa pamoja mtoto wa daktari Mnaijeria, mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwezi jana, na Mmarekani mweusi ambaye babu wa babu yake kazaliwa hapo hapo. Wastani wa hao watatu ni wa nani?

Mkataba ulipoisha tukahamia kusini magharibi mwa Houston, shule ina C wakati huo, kodi ikashuka, ndugu wengine wakaninong'ona kwamba nimemshusha mtoto. Kapeti hakuna. Ila safu ya mwisho ilikuwa na namba, na ilikuwa juu ya wastani wa jimbo, na walimu wa lugha walikuwa wanne. Wiki ya tatu binti karudi na barua ya mwalimu kwamba anaongea sana darasani. Hiyo barua ipo kwenye friji mpaka leo.

Mambo mengine ya haraka. Swahili haina mtihani wake hapa, STAAR ya lugha nyingine ni ya Kispanyola tu, darasa la tatu mpaka la tano, na darasa la lugha mbili wanalazimika kufungua pale tu distrikti ikiwa na watoto 20 wa lugha moja darasa moja, hivyo wa kwetu wengi wanapewa ESL, yaani msaada wa kujifunza Kiingereza, ukipiga simu uliza hiyo. Makaratasi ya uhamiaji shule haitakiwi kumnyima mtoto nafasi kwa ajili yake, kesi yenyewe ilitokea hapa hapa Texas, mji wa Tyler, ikaamuliwa 1982. Na kama bado mmejibana kwa ndugu kwa sababu hamna uwezo wa kupanga, usisubiri mpaka upate mkataba na bili ya umeme, waambie hali halisi, sheria ya McKinney-Vento, ya watoto wasio na makazi ya kudumu, inawataka wampokee mtoto hapo hapo.

Juzi shemeji yangu anayehamia Dallas kanitumia skrinishoti, shule ina 10, kaweka na emoji za moto. Nikamwambia fungua ripoti, nenda kulia mwisho. Baada ya saa nzima akajibu, "Shem, mbona nyota tupu?" Nikamwambia piga simu ofisini kwao, uliza mwalimu wa ESL yupo pale kila siku au anapita.

Kasema wameahidi kumpigia. Mpaka naandika hapa hawajapiga.