Nukta iliyotajirisha wilaya

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya anafuta safu kwa mkono ndani ya Excel, kwenye faili lenyewe la data ghafi ya utafiti wa kaya, huku chai iko mkono wa pili. Namuuliza nakala iko wapi, ananitazama kama nimemdai nauli. Haya, wadogo zangu, sogeeni.

1. Data ghafi haiguswi. Fanyia kazi nakala, na kila badiliko liandike kwenye do-faili, yaani faili la amri za Stata, programu yetu ya takwimu.

2. Namba za kaya, zile za kuitambulisha kila kaya, ziingize kama maandishi. Excel inakula sifuri za mwanzo, halafu unakuja kwangu kulia kwamba mafaili hayaungani.

3. Majibu yaliyokosekana. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliagizwa nitafute, wilaya kwa wilaya, asilimia ya kaya zinazotumia zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi. Nikaandika kwenye Stata: gen tajiri = matumizi > 1000000. Nikachora grafu ya rangi, nikaingia nayo kikaoni. Wilaya moja ilikuwa imeziacha nyingine mbali, karibu nusu ya kaya zake matajiri. Nami, mdomo huu, nikaanza kueleza habari za bei ya korosho.

Mzee aliyesimamia wadadisi akavua miwani. "Mwanangu, huko si ndiko mvua ilikotukwamisha? Nusu ya madodoso sehemu ya matumizi haikujazwa."

Kumbe Stata huweka nukta mahali pa jibu lililokosekana, na nukta hiyo inaihesabu kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Kaya ambazo hatukuziuliza hata bei ya sukari nilikuwa nimezipa umilionea. Dawa yake ilikuwa maneno machache tu mwisho wa mstari: if !missing(matumizi), yaani kama jibu la matumizi halikukosekana. Siku ile chakula cha mchana sikwenda kula na wenzangu.

4. Uzito wa sampuli, yaani kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, jamani. Kila jedwali.

5. Mpe mwenzako faili alipekue. Reinhart na Rogoff, wanauchumi wenye majina makubwa, walitoa makala yao ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi mwaka 2010. Mwaka 2013 mwanafunzi, Thomas Herndon, akafungua jedwali lao la Excel na kukuta fomula ya wastani imeruka nchi tano za mwanzo kwa alfabeti, Australia hadi Denmark. Wewe na laptopu yako ya mkopo nani atakusamehe?

Yule kijana? Nakala tumeipata kwenye flashi ya mwenzake. Ilishafunguliwa kwa Excel na kuseviwa, na sifuri hazimo.