Re: Kwanini watu wazima bado wanawapenda kina Spider-Man?

Mkuu umeuliza kwanini mtu mzima na familia yake bado anafuatilia masuperhero, mi naona umeangalia nguvu zao ukaruka shida zao. Chukua Spider-Man, katoka 1962 kwenye vitabu vya katuni (comics), kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko, ni dogo wa sekondari, yatima, analelewa na Aunt May ambae ni mjane huko Queens, New York, na hela hawana. Toleo la kwanza la jarida lake mwenyewe, 1963, anapata cheki kwa kazi aliyofanya ila imeandikwa Spider-Man, anaenda benki kavaa maski, keshia anataka kitambulisho, atakitoa wapi? Anaondoka mikono mitupu na kodi ya nyumba inadaiwa. Kupanda ukuta hakuna anaeweza ila kudaiwa kodi wengi tunakujua.

Halafu tafuta toleo namba 33 la jarida hilo, la 1966, kabanwa na mtambo wa chuma, maji yanaingia, dawa ya Aunt May anaeumwa iko mbele yake kidogo tu na haifikii. Ditko kachora kurasa kadhaa jamaa anasukuma tu, picha zinazidi kuwa kubwa mpaka anasimama nao. Kama umewahi kuuguza mzazi na hujui dawa utaipata wapi, zile kurasa huzisomi haraka aisee.

Superman nae, 1938, waliomtunga Jerry Siegel na Joe Shuster ni watoto wa wahamiaji Wayahudi, na shujaa wao ni mtoto wa kuja, katoka sayari nyingine.

Anza na yale matoleo 38 ya Spider-Man aliyochora Ditko, muvi ziache kwanza.