Muhuri wa wakili kwenye kopi ya hati

SWALI: Habari za kazi, wakili. Nina viwanja 2 Kigamboni, vyote vina hati, na sasa nataka kununua cha tatu. Muuzaji yuko safarini, lakini dalali amenitumia nakala ya hati yenye muhuri wa wakili, anasema nilipe nusu. Pia anataka nimwachie hati halisi za viwanja vyangu anisaidie kufuatilia kodi ya ardhi. Zote nimeshaziskani kwenye simu. Nakala zenye muhuri si zinatosha?

JIBU: Hazitoshi, dada. Swali hili naletewa karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ameshalipa.

Wakili anapogonga muhuri wa "nakala sahihi ya hati halisi", anasema jambo moja tu: karatasi hii inafanana na ile niliyooneshwa. Hajaenda kwa Msajili wa Hati. Hajui kama aliyeileta ndiye mwenye jina, wala kama hati yenyewe haikutengenezwa steshenari ya jirani. Hati bandia ikitolewa kopi na kugongwa muhuri, unapata kopi safi kabisa ya hati bandia. Hapo nazungumzia muhuri wa kweli. Mihuri ya kuchonga nayo ipo tele.

Cha kukusaidia ni upekuzi rasmi kwenye daftari la Msajili, kwa namba ya hati. Utakuonesha mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Uombe mwenyewe au kupitia wakili uliyemchagua wewe, maana majibu ya upekuzi yanayoletwa na dalali nayo ni karatasi ya dalali. Muuzaji akiwa na hati mkononi na jina likalingana, bado uliza ana mwenza: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume, hata kama hati ina jina la mmoja.

Sasa hizo hati zako. Kodi ya pango la ardhi inalipwa kwa namba ya malipo. Hakuna ofisi inayohitaji kushikilia hati yako halisi ili uilipe. Watu wanadhani hati ikiwa mikononi mwa mwingine, kibaya zaidi ni kupotea. Ikipotea kuna njia, japo ya kuchosha: ripoti ya polisi, kiapo, tangazo kwenye Gazeti la Serikali, ndipo utolewe nyingine. Kibaya zaidi ni isipotee. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua hata rehani isiyo rasmi ya kuweka hati kama dhamana, na mtu mwenye hati yako na kopi ya kitambulisho chako ana kila kitu cha kumshawishi mkopeshaji wa mtaani. Kazi ya kujieleza itabaki kwako.

Skani zako zitunze, zinafaa kukumbusha namba. Mahakamani, nakala hupokelewa pale unapoeleza halisi iko wapi na kwa nini hukuileta. "Niliiacha kwa dalali" nimewahi kuisikia ikitamkwa kizimbani. Haikupendeza. Na tafadhali usiipeleke hati kwenye lamineti. Miamala husajiliwa kwa maandishi juu ya hati hiyohiyo.

Ninyi mnaonunua viwanja vingi mna ugonjwa mwingine: mnatunza hati, mnatupa risiti za saruji na nondo baada ya miaka 5 kwa sababu mmesikia TRA wanataka kumbukumbu za miaka 5. Gharama za ujenzi zinahesabiwa kwenye kodi ya faida siku unapouza, hata ikiwa ni miaka 15 baadaye, na asiye na risiti hana cha kuthibitisha alichotumia kujenga. Mikataba nayo ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30; usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini.

Nje ya kila ofisi ya ardhi niliyofanya kazi wapo vishoka wenye bahasha za kaki, wanawaita wateja "bosi". Wanachouza ni haraka. Huyo wako akikwambia upekuzi unachelewesha na kuna mnunuzi mwingine anasubiri, mwambie amuuzie huyo.