Margherita: jiandae na maji kabla ya barafu

Wanaojiandaa kupanda Margherita, kilele kirefu kuliko vyote cha milima ya Rwenzori, mita 5,109, huwaza barafu kwanza. Barafu ipo, lakini adui mkubwa wa Rwenzori ni maji, nayo utayakuta siku kadhaa kabla ya kuona theluji.

Sababu iko kwenye mlima wenyewe. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, si volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba migumu ya kale iliyoinuliwa na nyufa za Bonde la Ufa. Maji hayapenyi humo kwa urahisi, hivyo hutuama mabondeni na kufanya matope, hasa bonde la Bujuku. Hewa yenye unyevu ikipanda hupoa na kugeuka mawingu. Mvua nyingi ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Chagua Januari, Februari, Juni au Julai, ila hata hiyo miezi usiiite kiangazi. Mvua hunyesha.

Vaa gambuti mpaka Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,541. Ziwe na nafasi ya soksi mbili nzito, maana zikibana damu haifiki vidoleni na miguu inaganda. Buti za kupandia barafu zikae begini, kavu. Ukizilowesha Bujuku, Elena hazitakauka, na alfajiri ya kilele utavaa buti zilizoganda.

Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, kwani maji hupita upande wa mgongoni. Mfuko wa kulalia na nguo za usiku viweke ndani ya mfuko mzito wa plastiki, usokote mdomo, ukunje, ufunge. Soksi jozi tano, moja ya kulalia tu. Hiyo usiiguse mchana hata ukiteseka vipi. Pamba iache nyumbani. Ikilowa haikauki, na inanyonya joto la mwili.

Kuhusu baridi, kadiria joto kushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nyakalengija, mahali safari inapoanzia, kama mita 1,600, pakiwa na nyuzi 25, kileleni ni kama 2, na usiku chini ya sifuri. Huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 83 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi. Beba vyakula vya kuiva haraka.

Ondoka Elena saa nane au tisa usiku. Theluji inakuwa imekazwa na baridi, na unawahi kushuka kabla mawingu hayajafunika njia.

Usitegemee ramani ya zamani. Mwaka 1906, mpanda milima Mwitalia Luigi Amedeo wa Abruzzi alipofika kileleni, barafu ya Rwenzori ilizidi kilomita za mraba 6. Leo haifiki 1. Palipokuwa na mteremko wa barafu sasa pana mwamba mtupu, wenye utelezi. Muulize mwongozaji alipita wapi mara ya mwisho, na kamba inaanza kufungwa wapi.